Kibla ya Simu

Mke wangu Wahida amelazwa kaburini akielekea mnara wa simu. Hakuelekezwa Kibla. Kaburi nililichimba mimi, mwili niliupokea mimi, na shavu lake nililigusisha udongo kwa mkono wangu huu wa kulia. Nayaandika haya ili asije akalaumiwa mtu mwingine peke yake.

Jina langu Mtoro. Ni fundi mwashi wa hapa Bagamoyo, mji mkongwe. Shule niliiacha darasa la tano, baba alipoanguka kutoka juu ya jukwaa na kuumia mgongo. Kazi alizonifundisha akiwa amekaa kwenye kiti ni mbili: kujenga ukuta na kuchimba kaburi. Ukuta unalipwa. Kaburi halilipwi, ni thawabu tu, na kwa miaka ishirini na tano nimekuwa naitwa kila anapofariki mtu wetu.

Kaburi letu lina kaburi ndani yake. Unachimba shimo kubwa kwanza, kisha chini, upande wa Kibla, unachimba kijishimo chembamba cha kumtosha maiti. Hicho ndicho mwanandani. Maiti analala ubavu wa kulia, uso umeelekea Kibla, unamfunika kwa mbao, ndipo unarudisha udongo. Ukikosea upande tangu jembe la kwanza, kila kitu kinachofuata kimekosewa.

Mjini huwezi kukosea. Makaburi ya zamani yapo, unapiga uzi kutoka kwa babu wa mtu hadi kwa shangazi yake, unachimba sambamba. Tatizo lilianza yalipojaa. Kamati ya mazishi ikapata kiwanja kipya nje ya mji, ukishaiacha barabara ya Msata unaingia ndani kidogo. Pori tupu. Hakuna msikiti karibu, hakuna kaburi hata moja la kuangalizia. Kaburi la kwanza kuchimbwa pale ndilo lingekuwa dira ya mengine yote.

Nililijua hilo. Kwa hiyo wiki moja kabla, tulipokwenda kufyeka, nilibaki peke yangu mpaka adhuhuri. Nikasimamisha fito iliyonyooka, nikawa natia alama kwenye ncha ya kivuli. Kivuli kinafupika, kinafupika, halafu kinaanza kurefuka tena. Pale kilipokuwa kifupi kabisa ndipo penye mstari wa kaskazini na kusini. Kwetu Kibla iko kaskazini, imeegemea mashariki kidogo sana, unene wa kidole kwa urefu wa mkono. Nikachomeka vijiti viwili vya mkoko. Ukichungulia kutoka kijiti kimoja kwenda cha pili, jicho linakwenda kugota kwenye mkwaju mkubwa uliokuwa ng'ambo ya kiwanja. Nikaenda zangu nyumbani, nimeridhika.

Siku saba baadaye akafariki Bi Tabia, yule wa vitumbua vya asubuhi. Masika yalikuwa yameshaanza. Mbingu ilikuwa nyeusi, manyunyu, jua halionekani. Nikafika kiwanjani na Yunus, mchimbaji mwenzangu, na watu wengine kama kumi. Nimeshashika jembe, nasikia nyuma yangu:

"Fundi, ngoja kwanza! Usitie jembe."

Alikuwa Ammar, katibu wa kamati. Ammar ana duka la vifaa vya ujenzi, ukoo wao ni wafanyabiashara tangu enzi ya mababu waliotoka Oman. Mtu mwema, mkarimu, lakini simu haimtoki mkononi. Orodha ya michango iko kwenye simu, taarifa za misiba ziko kwenye simu, hata dua ya kufungulia kikao anaisoma kwenye simu. Siku hiyo alikuwa na mpya, pana kama sahani ya wali, imevishwa kava la ngozi linalofunika kioo kama kitabu.

"Vijiti hivi vya nini?" akauliza.

"Kibla. Nilipima Jumanne ile kwa kivuli."

"Kwa kivuli!" Akawageukia watu. "Jamani, mwaka huu, Fundi bado anapima kwa kivuli."

Akalifunua kava, akaikunja ngozi kwa nyuma, akaiweka simu kiganjani. Kwenye kioo kulikuwa na duara na Kaaba ndogo katikati. Akazunguka taratibu, miguu ikiteleza kwenye tope. Alipofika upande wa kushoto wa mkwaju, mbali kabisa nao, ile Kaaba ikageuka kijani na simu ikatetemeka. Mbele yake, kwa mbali, ulikuwepo mnara wa kampuni ya simu.

"Hapo," akasema. "Bismillah."

"Ya kwangu inasema kule kwenye mkwaju," Yunus akasema. "Sawasawa na vijiti vya Fundi."

Ammar akaitazama simu ya Yunus. Kioo kilikuwa kimepasuka vipande vipande, kimeshikwa kwa utepe wa gundi.

"Hiyo ni simu, Yunus, au ni gae la chungu?"

"Inapiga na kupokea, bwana. Nyumbani kwangu inatosha."

"Hii yangu inaongea na setilaiti. Hiyo yako inaongea na nani?"

"Na mkeo."

Watu wakacheka. Mzee mmoja naye akatoa ya kwake, ikaonyesha barabarani. Simu tatu, Kibla tatu. Tungekuwa na akili tungeziweka zote mfukoni. Sisi tukachukua ile ya bei kubwa.

"Lakini Ammar," nikasema, "vijiti hivi nilivipima kukiwa na jua. Mimi mwenyewe."

Akanishika bega, kwa upole kabisa. "Na kijiti chako, Fundi, kimesoma mpaka darasa la ngapi?"

Watu kumi na mbili walikuwepo. Walicheka wote, na mimi nikacheka. Jibu nilikuwa nalo. Ningesema: msikiti mkongwe wa mji huu ulijengwa kwa kijiti, na mnasali humo kila siku. Halikutoka. Nilining'inia kwenye kicheko changu kama mjinga, kisha nikainama, nikaving'oa vijiti vyangu kwa mkono wangu, nikavitupa kichakani. Tukachimba kuelekea mnara.

Msidhani mimi nilikuwa nje ya ugonjwa huo. Timazi ya baba ya kupimia ukuta, ile ya shaba, ilikuwa inaota kutu kwenye ndoo. Nilikuwa naegesha simu ukutani, nasoma namba, nasema ukuta umenyooka. Wateja wa Dar es Salaam walikuwa wananitumia picha ya nyumba, nijenge kama ile, na mimi najenga kutoka kwenye picha bila kuuliza kiwanja kina mteremko gani. Mara mbili nilibomoa. Wahida alikuwa ananicheka.

"Baba Naila, siku simu ikikwambia mimi si mkeo utanifukuza?"

"Nitaiuliza mara ya pili kwanza."

Ndivyo tulivyokuwa tunataniana.

Baada ya Bi Tabia wakafuata wengine wawili. Kila mara tulikuwa tunapiga uzi kutoka kaburi la kwanza, na hakuna aliyeuliza tena. Wa nne alikuwa Mzee Nasor, baba yake Ammar. Ammar alishuka kaburini mwenyewe kumpokea baba yake, huku mtu amemshikia simu juu ya shimo ili ndugu zake walioko Maskati waone. "Sogeza kidogo, hatuoni uso," sauti ikasema kutoka kwenye simu. Watu wakasogea kupisha simu ione. Mimi nilikuwa nimeshika mbao za kufunikia, nasubiri waliopo kwenye simu waridhike.

Wa tano alikuwa Wahida. Presha. Asubuhi alikuwa anachuja nazi, saa nne alikuwa amelala sakafuni, na kabla ya adhuhuri hakuwa wetu tena.

Mfiwa hachimbi. Wenzangu walinikataza, nikawaambia hili nitalichimba mwenyewe. Yunus akapiga uzi kutoka kwa Mzee Nasor. Niliutazama ule uzi. Niliutazama mkwaju. Nilijua. Sitasema sikujua. Lakini wanne walikuwa wamekwisha kulala pale, na kusema siku ile kungekuwa ni kukiri kwamba nilinyamaza mara nne. Watu mia moja na zaidi wako njiani na jeneza. Mimi ni mtu nisiyemudu hata kusoma barua ya benki ya Kiingereza bila Naila, binti yangu. Nikajiambia: labda ni wewe, Mtoro, ulikosea fito.

Nikachimba. Nikashuka mwanandani, nikampokea mke wangu, nikasema maneno yanayosemwa, nikafungua fundo la sanda upande wa kichwa, nikaligusisha shavu lake udongo. Nikamwegemeza kwa bonge la udongo mgongoni asije akarudi chali. Kazi safi. Baba angeisifu, isipokuwa upande.

Siku ya tatu jua likawaka. Baada ya kisomo cha khitma nilikwenda kaburini peke yangu, nikafika karibu na adhuhuri, nikasimama miguuni pake nimeegemea mpini wa jembe. Kivuli cha mpini kilikuwa kifupi kabisa. Kilikuwa kimelikata kaburi mshazari, kama mtu aliyechora mstari wa kulifuta.

Nikaenda moja kwa moja dukani kwa Ammar, miguu ina tope.

"Ammar, makaburi yako upande."

Hakuudhika. Alifunga duka, tukapanda pikipiki yake, tukarudi wote wawili. Akasimama katikati ya kaburi la baba yake na la mke wangu, akalifunua kava, akaikunja ngozi kwa nyuma, akazunguka. Kijani. Ikatetemeka. Ilikuwa imeelekea mnara, kama yalivyoelekea makaburi, sawasawa.

"Umeona?"

"Na kivuli?"

"Ulikitazama saa ngapi?"

"Adhuhuri."

"Adhuhuri ya saa ipi? Umevaa saa?"

Nilikuwa sijavaa saa. Nina miaka sita sivai saa, naangalia kwenye simu, na simu nilikuwa nimeiacha nyumbani inachajiwa.

"Sikiliza, kaka yangu," Ammar akasema, na machozi yalimlengalenga. "Umefiwa. Mimi pia nimefiwa, najua. Mtu unatafuta pa kuupeleka uchungu. Baba yangu mzazi huyu hapa. Unadhani ningemfanyia mchezo?"

Nikarudi nyumbani. Nikamsimulia Naila. Akanitazama kwa huruma, ambayo ni mbaya kuliko matusi.

"Baba, vitu hivi havikosei. Meli zinaendeshwa kwa hivi. Usije ukamkosesha mama usingizi kwa maneno ya watu."

Siku ile ya tatu ndiyo niliyokuwa nayo. Ningemchukua Maalim Rehani, mwalimu wetu wa dini, kwa mkono adhuhuri ya kesho yake, nikasimamisha fito mbele yake, basi. Ningefanya hivyo kwa ukuta wa choo cha mtu. Kwa mke wangu niliamini kitu kinachogeuka kijani.

Tukazika wengine wanne. Nilichimba yote.

Siku ya ishirini na mbili tangu nimzike Wahida tulikwenda kiwanjani kupima msingi wa uzio: mimi, Yunus na Ammar. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imelilowesha kava la Ammar, akalianika dukani. Alikuja na simu uchi.

"Tuanze na ukuta wa Kibla," akasema, akaiweka simu kiganjani, akaelekea mnara kama alivyozoea.

Haikugeuka kijani.

Akazunguka. Ikageuka kijani, ikatetemeka. Mbele yake ulikuwa mkwaju.

Ammar akaipangusa simu kwa kanzu, akazunguka upya. Mkwaju. Akapanda pikipiki bila kuaga, akarudi baada ya muda na kava mkononi, bado bichi. Akaivika simu, akaikunja ngozi kwa nyuma. Mnara. Akalivua. Mkwaju. Akalivika. Mnara. Alifanya hivyo mara nne, kama mtu anayewasha na kuzima taa.

Yunus akamnyang'anya lile kava. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa msumari wa inchi moja, akausogeza kwenye kifungo cha kava. Ukarukia, ukanata.

"Sumaku," akasema. "Ammar, kava lako lina sumaku."

"Ni ya kufungia tu," Ammar akasema. "Ni ya kufungia kava lisifunguke."

"Ndiyo iliyotufungia."

Ammar akakaa chini kwenye tope na kanzu yake nyeupe, kando ya baba yake. Akainua uso kunitazama.

"Fundi, uliniambia."

"Nilikwambia."

"Kwa nini hukunipiga?"

Nilimshika mkono, nikamwinua.

Tulikwenda kwa Maalim Rehani. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua simu yake kutafuta hukumu. Akajiona. Akaiweka chini kifudifudi, akaenda kabatini, akatoa kitabu, akasoma.

"Madhehebu yetu ni ya Shafi," akasema. "Maiti asiyeelekezwa Kibla hufukuliwa, akaelekezwa, maadamu hajaharibika. Akishaharibika huachwa alivyo. Jambo lake liko kwa Mola wake, na yeye hana kosa."

"Nani ana kosa?" Yunus akauliza.

Maalim aliuliza tarehe za kuzikwa kila mmoja. Ammar akazisoma kwenye simu. Wa tisa, Bi Ashatu, siku mbili. Wa nane, Khamis muuza kamba, siku tano. Wa saba, siku kumi na moja.

"Inatosha," Maalim akasema. "Hao wawili wa mwisho."

"Na wa tano?" nikasema. "Maalim, na wa tano?"

"Siku ngapi, Mtoro?"

"Ishirini na mbili."

"Kwa mvua hii?"

"Tufunue ubao mmoja tu. Nichungulie mimi. Nitajua mimi kama inafaa."

"Mtoro." Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Umechimba makaburi miaka ishirini na tano. Unauliza kitu ambacho hapa hakuna anayekijua kuliko wewe."

Kweli. Nilikuwa najua udongo ule unavyokunywa maji, na najua siku ishirini na mbili ni nini.

Kesho yake asubuhi tulifungua yale mawili, wafiwa wakiwa wamesimama wamejifunika pua. Mtoto wa Khamis, mtu mzima mwenye ndevu, aliniuliza mbele ya watu: "Mzee, wewe si ndiye fundi? Wewe macho yako yalikuwa wapi?" Wanawake wa kwa Bi Ashatu hawakuniuliza kitu. Walinigeuzia migongo, na bado hawajaigeuza. Tulichimba mwanandani mpya upande unaostahili, tukawahamisha, tukawalaza. Tulifanya kazi kwa adabu tuliyoweza. Jua lilikuwa kali, vivuli viko wazi kila mahali, mtu yeyote angeweza kuvisoma.

Ammar amejiuzulu ukatibu. Sasa anauzia vifaa mji mwingine asikutane na watu, na kila Ijumaa anakuja kukaa kwa baba yake mpaka alasiri. Tukikutana pale tunasalimiana, hatuzungumzi. Kamati ina katibu mpya. Siku ya kwanza alikuja na simu mbili, ili, alisema, moja ikikosea nyingine isahihishe. Nilimwonyesha nguzo mbili za zege nilizosimamisha mimi mwenyewe zinazolenga mkwaju. Akazipiga picha.

Simu yangu sijaitupa. Ningeitupa baharini siku ile ile, ila sauti ya Wahida imo humo: nilete chumvi, usisahau dawa, Baba Naila uko wapi chakula kinapoa. Jumla ni jumbe za sauti thelathini na moja. Hakuna mahali pengine zilipo.

Makaburi mapya ni tisa. Mawili yamegeuzwa, saba yamebaki. Katika tisa hayo, manne niliyachimba baada ya kukiona kivuli kwa macho yangu. Nilikuwa na vijiti viwili, nikaving'oa. Nilikuwa na siku moja, ya tatu, nikairudisha nyumbani. Wahida ni wa tano ukihesabu kutoka mlango wa uzio.